Namna ya kutenganisha nia na kichocheo unapopima hatia ya jinai

Neno “nia” katika Kiswahili limebeba mizigo miwili. Tukisema mtu alikuwa na nia ya kuua, tunazungumzia jambo alilokusudia litokee. Tukisema mtu alitenda kwa nia njema, tunazungumzia kilichomsukuma moyoni. Methali isemayo nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu, inatumia neno hilo kwa maana ya pili. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayepotea kwa sababu hiyo, kwa kuwa msikilizaji hujua kinachokusudiwa. Mbele ya shtaka la jinai, hata hivyo, kuchanganya maana hizo mbili kunaweza kumtia mtu hatiani kwa kosa asilolitenda, au kumwachia aliyeua kwa makusudi kwa vile tu hadithi yake inatia huruma.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayelazimika kupima: mwanafunzi wa sheria, mwandishi wa habari za mahakamani, au msomaji aliyeshika nakala ya hukumu na anataka kujua kama jaji amefikiri sawasawa. Ninachokitetea ni utaratibu mmoja. Uliza kwanza mtu alikusudia nini, lijibu swali hilo mpaka mwisho, na hapo ndipo ufungue suala la kwa nini. Ili tusielewane vibaya, kuanzia hapa nitatumia “nia” kwa lile alilokusudia au alilojua litatokea, na “kichocheo” kwa lile lililomsukuma.

Gawa karatasi kabla ya kugawa lawama

Chukua karatasi na upige mstari wa wima katikati. Kushoto andika sentensi zinazojibu swali hili: alitaka kutokee nini, au alijua kutatokea nini? Kulia andika zinazojibu: kwa nini alitaka hivyo? Zoezi hili linaonekana dogo, lakini nimeona kwamba wasomaji makini kabisa hushtuka wanapogundua kuwa nusu ya walichokiandika kushoto ni cha kulia.

Fikiria watu wawili waliovunja, kila mmoja kwa wakati wake, mlango wa duka la dawa usiku. Wa kwanza alichukua chupa za dawa ya kifafa kwa ajili ya mtoto wake aliyeishiwa dozi. Wa pili alichukua chupa za aina ileile akauze. Upande wa kushoto watu hawa wanafanana neno kwa neno: kila mmoja alijua duka si lake, alijua dawa si zake, na alikusudia kuzichukua bila kuzirudisha na bila ridhaa ya mwenyewe. Upande wa kulia wametengana kama mbingu na ardhi. Kosa la wizi husomwa kushoto. Huenda yule mzazi akawa na utetezi wa dharura pale sheria inapouruhusu, au akapunguziwa adhabu, lakini hayo ni maswali mengine yenye masharti yake, na hayafuti ukweli kwamba alikusudia kuchukua mali isiyo yake.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya imeliweka jambo hili wazi katika kifungu cha 9: isipokuwa pale sheria inapotamka vinginevyo, kichocheo kilichomfanya mtu atende au aache kutenda jambo, au kilichomfanya awe na nia fulani, hakina uzito katika kuamua dhima yake ya jinai. Shika maneno “isipokuwa pale sheria inapotamka vinginevyo”, kwa sababu tutayarudia.

Kuna ukaguzi mwepesi wa karatasi yako. Pitia upande wa kushoto ukitafuta maneno ya sifa: katili, mlafi, mwenye wivu, mpole, mwenye huruma. Ukiyakuta, yafute au yahamishe. Nia huelezwa kwa vitenzi na kwa matokeo, na sifa ya mtu haiwezi kukaa mahali pa kitenzi.

Panga nia kwa ngazi zake

Makosa mengi makubwa hutofautiana na madogo kwa ngazi moja tu ya nia, kwa hiyo haitoshi kuandika kwamba mtu “alikusudia”. Rasimu ya kanuni za adhabu iliyotolewa mwaka 1962 na taasisi ya wanasheria wa Marekani, ambayo majimbo mengi ya nchi hiyo yaliiga, inapanga ngazi nne: kusudi, ujuzi, kutojali na uzembe. Mfuate fundi mmoja aliye juu ya jengo anayeangusha tofali barabarani, naye mpita njia akafa. Ikiwa alimlenga mtu huyo ili afe, hilo ni kusudi. Ikiwa hakuwa na habari naye, lakini alimwona amesimama papo hapo chini na akajua kwa hakika kwamba tofali litampata, huo ni ujuzi. Ikiwa alijua watu hupita hapo, akaiona hatari, akaangusha hata hivyo kwa kuwa alitaka kumaliza kazi mapema, huko ni kutojali. Ikiwa wazo la kwamba kuna mtu chini halikumjia kabisa, ilhali fundi yeyote mwangalifu angelifikiria, huo ni uzembe. Tofali ni moja, kifo ni kimoja, lakini hatia ni nne.

Mahali ambapo wengi huteleza ni kati ya ngazi ya kwanza na ya pili. Walimu wa sheria hupenda kutumia mfano wa mtu anayetega bomu katika ndege ili alipwe bima ya mzigo. Hawachukii abiria, hata angefurahi kama wote wangenusurika kwa muujiza. Je, alikusudia kuwaua? Ukisikiliza kichocheo, utasema alitaka fedha tu. Lakini mtu anayejua kwamba vifo ni sehemu isiyoepukika ya mpango wake hawezi kujificha nyuma ya kauli ya “sikutaka wafe”. Baraza la Mabwana la Uingereza, lililokuwa wakati huo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, katika uamuzi wa mwaka 1998 lilieleza kwamba baraza la mahakama (raia wanaosikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia) linaweza kukuta nia ya kuua pale kifo au madhara makubwa yalipokuwa na uhakika unaokaribia ukamilifu kama matokeo ya kitendo, na mshtakiwa akalijua hilo. Kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania zinakwenda mbali zaidi: katika tafsiri ya dhamira ovu inayofanya kuua kuwe kuua kwa kukusudia, inatosha mtu kujua kwamba kitendo chake kina uwezekano mkubwa wa kusababisha kifo au madhara makubwa ya mwili, hata kama hakujali kitokee au kisitokee, na hata kama alitamani kisitokee.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika ngazi yoyote, soma maneno ya kosa lenyewe katika sheria inayohusika. Kinachoitwa kutojali katika nchi moja huenda kikatosha kuwa dhamira ovu katika nyingine, na mjadala mrefu kuhusu moyo wa mshtakiwa haumfaidii mtu yeyote ikiwa hakuna aliyesoma kifungu.

Soma nia katika matendo

Hakuna shahidi aliyewahi kuingia moyoni mwa mtu. Nia huthibitishwa kwa mazingira, na hapa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilituachia kipimo ambacho majaji wa eneo hilo bado wanakitaja. Katika rufaa ya mauaji iliyoamuliwa mwaka 1945, mahakama hiyo ilielekeza kwamba mtu anayetafuta dhamira ovu atazame aina ya silaha, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tukio. Ikaongeza kwamba dhamira hiyo huonekana kwa urahisi zaidi pale panapotumika mkuki au kisu kuliko fimbo. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, walikuwa wamekwisha kupita njia inayofanana na hiyo karne nyingi nyuma, walipogawa kuua katika sehemu za amdi (kwa kukusudia), shibhi amdi (kunakofanana na kukusudia) na khataa (kwa makosa), na Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, wakashikilia kwamba silaha yenye makali ndiyo inayodhihirisha amdi. Mahakama zilizotengana kwa karne na kwa imani zilikubaliana kwamba chombo kilichokuwa mkononi huzungumza.

Tumia kipimo hicho kwa subira, na usiridhike na kipengele kimoja. Fimbo iliyopiga mguu mara moja katika ugomvi uliozuka ghafla inasema jambo moja. Fimbo ileile iliyopiga kichwa mara saba, mtu akiwa tayari ameanguka, inasema jingine kabisa. Kukimbia baada ya tukio kunaweza kuwa dalili ya hatia, lakini hata aliyeua kwa ajali hukimbia kwa hofu. Kumkimbiza majeruhi hospitali kunapunguza uzito wa madai ya nia ya kuua, ingawa hakuufuti. Andika kila kipengele kwenye mstari wake, kisha ujiulize ni maelezo gani yanayovikusanya vyote bila kulazimisha. Yakibaki maelezo mawili yenye mantiki, moja la hatia na jingine lisilo la hatia, shaka hiyo ni ya mshtakiwa.

Sasa ngoja nikae kidogo kwenye kesi moja ninayoona inafundisha kuliko nyingine zote. Ni ya Uingereza, ya mwaka 1957. Mwanamume mmoja, akiwa hana fedha, aliingia chumba cha chini ya ardhi cha nyumba tupu, akaing’oa mita ya gesi ukutani ili achukue sarafu zilizokuwa ndani yake. Hakufunga bomba. Gesi ikapenya kupitia ukuta mpaka nyumba ya jirani, ikamfikia mwanamke aliyekuwa amelala, na maisha yake yakawa hatarini. Mtu huyo alishtakiwa kwa wizi na pia kwa kumwekea mwanamke yule kitu chenye sumu “kwa uovu”. Jaji wa kwanza alilieleza baraza la mahakama kwamba neno hilo lina maana ya kutenda jambo baya ambalo mtu anajua halifai. Wizi alikuwa ameukiri mwenyewe, na bila shaka kuiba sarafu ni jambo baya, kwa hiyo wakamtia hatiani kwa shtaka la pili pia. Mahakama ya rufaa ikaifuta hatia hiyo ya pili. Ilisema kwamba uovu katika sheria unahitaji mtu awe amekusudia madhara ya aina iliyotokea, au awe ameiona hatari yake akaendelea tu. Ubaya wa jumla hautoshi.

Tazama kilichokuwa kimetokea. Kichocheo kibovu cha wizi kilivuka mstari wa katikati ya karatasi, kikakaa kushoto kama ushahidi wa nia ya kumdhuru mwanamke aliyelala, ilhali hakuna aliyeuliza kama mwizi yule aliifikiria gesi hata mara moja. Ninaamini kwa dhati kwamba hivyo ndivyo watu wengi wasiopendeza wanavyotiwa hatiani kupita kiasi cha makosa yao: si kwa uongo wa mashahidi, bali kwa sababu ubaya wao katika jambo moja unajaza pengo la ushahidi katika jingine.

Jihadhari na akili yako mwenyewe

Makosa hayo si ya majaji peke yao. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Mark Alicke alichapisha majaribio ambamo watu walisoma habari za dereva aliyekuwa akiendesha kwa kasi kuelekea nyumbani, akagonga gari jingine. Wengine waliambiwa alikuwa anawahi kuificha zawadi ya wazazi wake. Wengine waliambiwa anawahi kuificha kokeini wasije wakaiona. Kasi na ajali vilikuwa vilevile, lakini walioambiwa habari za kokeini walimwona dereva kuwa chanzo cha ajali kwa kiwango kikubwa zaidi. Kichocheo kiliwabadilishia hata swali la nini kilisababisha nini, ambalo halina uhusiano wowote na moyo wa dereva.

Mwaka 2003 mwanafalsafa Joshua Knobe aliwauliza watu katika bustani ya umma mjini Manhattan kuhusu mwenyekiti wa kampuni aliyeambiwa kwamba mradi mpya utaleta faida na pia utaharibu mazingira, akajibu kwamba mazingira hayamhusu, anataka faida tu. Asilimia 82 walisema aliyaharibu mazingira kwa makusudi. Wengine walisomewa habari hiyohiyo, ila neno “utaharibu” likawa “utanufaisha”. Hapo asilimia 77 walisema hakuyanufaisha kwa makusudi. Hali ya moyo wa mwenyekiti ilikuwa moja katika habari zote mbili. Watu walipoona matokeo mabaya waliiona na nia, na walipoona mazuri hawakuiona.

Kwa hiyo, ukimaliza upande wa kushoto, fanya jaribio la kubadilisha. Acha matendo yote kama yalivyo, kisha weka kichocheo kingine kinachokugusa kinyume: aliyetenda kwa tamaa mfanye awe ametenda kwa upendo, na aliyetenda kwa huruma mfanye awe ametenda kwa ajili ya urithi. Soma upya jibu lako kuhusu nia. Likibadilika, ujue hukuwa unapima nia.

Milango ambayo kichocheo huingilia kihalali

Yote hayo hayana maana kwamba kichocheo ni takataka. Kina milango yake, na kazi yako ni kujua umesimama mlango gani.

Mlango wa kwanza ni wa ushahidi wa nani aliyetenda. Deni, ugomvi wa ardhi au tishio la jana yake linaweza kuimarisha ushahidi wa mazingira. Lakini upande wa mashtaka kwa kawaida haulazimiki kuthibitisha kichocheo, na kukosekana kwake hakumtoi mtu hatiani. Vilevile kuwa na sababu ya kumchukia marehemu hakujawahi peke yake kuwa uthibitisho wa kumuua.

Mlango wa pili ni pale sheria yenyewe inapokiingiza kichocheo ndani ya kosa, yaani yale maneno ya “isipokuwa” tuliyoyashika. Mfano ulio wazi ni Ujerumani. Kifungu cha 211 cha kanuni yake ya adhabu kinatenganisha muuaji wa daraja la juu na wengine kwa kutaja, miongoni mwa mambo mengine, tamaa ya kuua, uroho wa mali na vichocheo vingine vya chini, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Maneno hayo yaliingizwa mwaka 1941, wakati wa utawala wa Wanazi, na yanaanza kwa kusema muuaji ni mtu wa namna gani badala ya kusema kuua ni kitendo gani. Nakiri kwamba sheria ya namna hii inanitia wasiwasi, kwa sababu inamwalika jaji amhukumu mtu kabla ya tendo. Hata hivyo, mahali inapotumika, kichocheo ni cha upande wa kushoto na lazima kithibitishwe kama kipengele kingine chochote.

Mauaji ya kimbari yanahitaji uangalifu wa pekee. Mkataba wa mwaka 1948 unadai nia maalumu ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini. Mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha, ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, mwezi Septemba 1998, ilieleza kwamba nia hiyo inaweza kusomwa katika mpangilio wa matendo, ukubwa wake na namna wahanga walivyochaguliwa kwa kuwa wa kundi fulani. Kisha mwaka 2001 majaji wa rufaa wa mahakama ya Yugoslavia ya zamani wakaongeza jambo la msingi: mtu anaweza kuwa na kichocheo binafsi, kama vile kupora mali au kutafuta cheo, na bado akawa na nia ya kuangamiza kundi. Anayesema “aliua ili apate shamba la jirani” hajajibu swali; ameandika kulia tu.

Kuna pia kesi zinazosimama juu ya mstari wenyewe. Mwaka 1947 mahakama ya Uingereza ilifuta hatia ya mtu aliyetangaza redioni kwa ajili ya Ujerumani wakati wa vita, baada ya kutishwa kwamba mkewe na watoto wake wangepelekwa kambini. Kosa lilihitaji nia ya kumsaidia adui, na majaji waliona kwamba nia hiyo haikuthibitishwa kwa mtu aliyetaka kuiokoa familia yake. Wengi wamesema kwamba ule ulikuwa utetezi wa kutenda chini ya vitisho uliovikwa vazi la nia. Nakubaliana nao, na ninapendekeza uandike hivyo hivyo ukikutana na kesi kama hiyo: taja kwamba mtu alijua anachofanya, kisha uliza kama tishio linamtetea.

Mlango wa mwisho, ulio mpana kuliko yote, ni adhabu. Hapa ndipo upande wa kulia wa karatasi unaposomwa kwa sauti. Mwezi Julai 1884 jahazi la starehe liitwalo Mignonette lilizama katika Atlantiki ya kusini, na mabaharia wanne wakabaki katika mtumbwi mdogo wakiwa na makopo mawili ya mboga za mizizi na bila maji ya kunywa. Walikamata kasa mmoja, wakamla. Wakanywa mvua waliyoikinga kwa makoti. Karibu siku ya ishirini, Tom Dudley na Edwin Stephens walikubaliana kumuua Richard Parker, kijana wa miaka 17 aliyekuwa amelala sakafuni mwa mtumbwi akiwa hoi baada ya kunywa maji ya bahari. Dudley alisali, akamwambia kijana kwamba wakati wake umefika, akamchoma kisu shingoni. Walimla, na siku nne baadaye meli ikawaokoa. Waliporudi Uingereza walieleza kila kitu bila kuficha.

Jaza karatasi ya kesi hiyo na utaona jinsi ilivyo safi. Kushoto: walichagua, walipanga, walijua kisu kitaua, walitaka kiue. Hakuna ngazi ya juu zaidi ya hapo. Kulia: njaa ambayo wengi wetu hatutaijua kamwe, na wake na watoto waliowasubiri. Majaji walikataa kuihamisha njaa kwenda kushoto. Jaji mkuu, Lord Coleridge, aliuliza nani atakayekuwa mwamuzi wa dharura kama hiyo na thamani ya uhai itapimwaje, akakumbusha kwamba aliyechaguliwa alikuwa mdogo na mnyonge kuliko wote, ambaye hakuweza kupinga. Dudley na Stephens wakahukumiwa kifo. Kisha serikali ikaibadilisha adhabu kuwa kifungo cha miezi sita.

Katika kesi ile huruma haikuwa mikononi mwa majaji waliosikiliza ushahidi, kwa kuwa adhabu ya kuua ilikuwa moja tu. Tatizo hilohilo lilifika mbele ya Mahakama ya Juu ya Kenya katika rufaa ya Francis Muruatetu na mwenzake, na mwezi Desemba 2017 majaji waliamua kwamba kulazimisha adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia ni kinyume cha Katiba, kwa sababu kunamnyima mshtakiwa nafasi ya kueleza mambo yanayopunguza uzito wa kosa lake. Kwa hiyo, unaposoma hukumu yoyote, fungua sehemu ya adhabu na uangalie kama jaji alikuwa na uhuru wa kuchagua. Alipokuwa nao, tarajia kuona kichocheo kimetajwa kwa jina, kimepimwa dhidi ya madhara aliyoyapata mhanga, na kimeonyeshwa kilivyopunguza au kuongeza adhabu. Alipokuwa hana, rudi ukasome kwa uangalifu zaidi alivyoeleza nia, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo huruma au chuki yake ingeweza kujipenyeza.